Kupachika Data ya Faili Matini ndani ya Programu Wakati wa Kukompaili: Mfano wa Orodha ya Kata za Mbinga na Nyasa

1.0 Utangulizi

Programu nyingi za kompyuta hazijitoshelezi. Ndani yake mna maagizo, lakini maagizo hayo huhitaji data iliyoandikwa mahali pengine: orodha ya majina ya mahali, jedwali la viwango, maneno ya menyu, kanuni za saa za maeneo. Kwa kawaida data hiyo hukaa katika faili matini pembeni mwa programu, na programu hulifungua faili hilo kila inapoanza kazi. Ipo njia ya pili. Faili husomwa mara moja tu, na anayelisoma si programu bali kompaila, wakati msimbo chanzo unapogeuzwa kuwa faili tekelezi. Yaliyomo hupachikwa ndani ya faili tekelezi, na tangu hapo faili matini halihitajiki tena katika mashine ya mtumiaji.

Makala hii inaeleza namna mbinu hiyo ya pili inavyofanya kazi, mahali inapofaa, na madhara yake pale data inapobadilika baada ya programu kusambazwa. Mfano mkuu ni orodha ya kata za eneo lililokuwa Wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, kuanzia kata kama Mkumbi, Litembo na Maguu hadi zile za mwambao wa Ziwa Nyasa kama Liuli, Lituhi na Mbamba Bay. Eneo hilo lilifaa kuteuliwa kwa kuwa mwaka 2012 liligawanywa, na Wilaya ya Nyasa ikazaliwa. Orodha iliyokuwa sahihi kwa miaka mingi ikawa na makosa, ilhali hakuna aliyegusa herufi hata moja ndani yake.

2.0 Safari ya neno kutoka faili hadi programu

Katika mazingira ya kawaida, programu inayohitaji orodha ya kata huuomba mfumo endeshi uifungulie faili, tuseme kata.txt. Ombi hilo laweza kukataliwa kwa sababu nyingi: faili halikunakiliwa pamoja na programu, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, programu imeanzishwa kutoka folda nyingine, mtumiaji hana ruhusa ya kulisoma. Yeyote aliyewahi kupelekewa programu kwenye kadi ya kumbukumbu, akaifungua na kukuta menyu tupu, ameonja tatizo hili. Aliyenakili alichukua faili moja na kuliacha la pili.

Faili linapopachikwa, matatizo hayo hutoweka. Kompaila huziweka baiti za faili katika sehemu ya faili tekelezi iliyotengwa kwa ajili ya data isiyobadilika. Neno “Mkumbi”, kwa mfano, huwa baiti sita zinazofuatana, ambazo kwa namba za msingi wa kumi na sita ni 4d, 6b, 75, 6d, 62 na 69. Mfumo endeshi unapoipakia programu, baiti hizo huwa tayari zina anwani katika kumbukumbu, na hakuna ombi la kufungua faili linaloweza kukataliwa. Programu na data yake husafiri pamoja, zikiwa toleo moja. Hili la mwisho ni faida kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mpimaji aliyeijaribu programu na orodha fulani huwa na hakika kwamba mtumiaji naye anayo orodha ileile.

Mbinu zenyewe zimepitia hatua kadhaa. Ya kale kabisa ni kuinakili data kwa mkono katika msimbo chanzo kama mfuatano wa herufi. Kwa maneno machache haina ubaya. Kwa faili refu huleta adha, kwa kuwa alama za kunukuu na mikwaju iliyomo ndani ya data lazima zilindwe moja moja, na baadhi ya kompaila huweka ukomo wa urefu wa mfuatano mmoja. Waandishi wa lugha ya C walijinasua kwa zana ndogo kama xxd, inayoambatana na kihariri cha Vim, ambayo kwa chaguo la -i huligeuza faili lolote kuwa jedwali la namba linaloweza kukompailiwa. Ila kila baiti ya asili huandikwa kwa takriban herufi sita, yaani 0x4d pamoja na mkato na nafasi. Faili la baiti 100,000 huwa msimbo wa herufi zipatazo 600,000, na kompaila hulazimika kuichambua kila namba kana kwamba ni usemi wa hesabu uliotungwa na binadamu. Kwa mafaili makubwa, kazi hiyo hula dakika nyingi na kumbukumbu nyingi. Wengine walipita njia ya mkato kwa agizo la .incbin la asembla, au kwa kumpa kiunganishi faili lenyewe moja kwa moja, lakini njia hizo hutegemea aina ya zana na mfumo, na msimbo wa Linux hauhami kwa urahisi kwenda Windows.

Lugha mpya ziliifanya mbinu hii kuwa sehemu ya lugha yenyewe. Lugha ya D ina usemi wa import unaolisoma faili, kwa sharti kwamba folda yake itajwe kwa chaguo la -J ili kompaila isiruhusiwe kusoma popote. Rust, tangu toleo lake la 1.0 la mwaka 2015, ina include_str! kwa matini na include_bytes! kwa baiti ghafi. Go ilipata agizo la go:embed katika toleo la 1.16 la Februari 2021. C, lugha kongwe kuliko zote hizo, ilichelewa: agizo la #embed, lililopiganiwa kwa miaka kadhaa na JeanHeyd Meneide, liliingia katika kiwango cha C23, kilichochapishwa rasmi mwaka 2024. Kwa agizo hilo, mstari mmoja wenye jina la faili huchukua nafasi ya maelfu ya mistari ya namba, na kompaila hupata fursa ya kuzibeba baiti bila kuzichambua.

2.1 Mitego ya herufi

Kompaila hupachika kilichomo ndani ya faili, si kile mwandishi anachodhani kimo. Tofauti hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi, na baadhi yake yanawahusu mno waandishi wa Kiswahili.

Faili lililoandaliwa katika Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili, na lile la Linux kwa alama moja. Programu inayokata mistari kwa kufuata alama moja tu itaibakiza ile ya ziada mwishoni mwa kila jina. Kwa macho, Mkumbi itaonekana Mkumbi. Kwa kompyuta, lina baiti saba badala ya sita, na halitalingana kamwe na jina ambalo mtumiaji ameliandika. Vilevile, vihariri vingine huanza faili kwa baiti tatu zisizoonekana, ef bb bf, za kutambulisha usimbaji wa UTF-8. Hizo huligandamia jina la kwanza la orodha, na matokeo yake ni programu inayozipata kata zote isipokuwa moja. Anayetafuta kosa hili hutafuta muda mrefu.

Ritifaa ina shida yake. Jina kama Chang’ombe laweza kuandikwa kwa alama iliyonyooka ya kibodi, nalo likawa na baiti 10, au kwa alama iliyopinda inayowekwa na programu za uandishi bila kuulizwa, nalo likawa na baiti 12. Yote mawili husomwa vilevile na msomaji, lakini kompyuta huyaona kuwa majina mawili. Orodha itakayopachikwa haina budi kusawazishwa kabla ya kukompailiwa, kwa kuwa baadaye hakuna atakayeweza kuifungua na kuirekebisha. Rust husaidia kiasi: include_str! hukataa kukompaili faili ambalo si UTF-8 halali. Haikatai ritifaa iliyopinda.

Mtego wa mwisho ni wa C. Maktaba yake hutambua mwisho wa mfuatano wa herufi kwa baiti ya sifuri, lakini xxd na #embed haziongezi sifuri hiyo zenyewe. Programu inayoichukulia data iliyopachikwa kama mfuatano wa kawaida huendelea kusoma kupita mwisho wa orodha, ikiingia katika data isiyohusika. Wakati mwingine sifuri hupatikana jirani kwa bahati, na kosa hubaki limejificha.

3.0 Ukubwa

Hofu ya kwamba data iliyopachikwa huijaza kumbukumbu mara nyingi haina msingi katika kompyuta na simu za leo. Mfumo endeshi huipakia sehemu ya data kwa kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096, na ukurasa usioguswa huachwa katika diski.

Katika vifaa vidogo hali ni tofauti. Prosesa ya ATmega328P, iliyomo katika mbao nyingi za Arduino zinazotumika kujengea mizani na vipima mvua vya gharama nafuu, ina kilobaiti 32 za kuhifadhia programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Haina mfumo wa mafaili. Kwa hiyo kupachika si hiari. Tanzania ina kata zipatazo 4,000. Kila jina likikadiriwa kuwa na herufi nane na alama moja ya mwisho wa mstari, orodha nzima huhitaji baiti 36,000, ilhali kilobaiti 32 ni baiti 32,768. Haiingii, hata kabla ya kuandikwa agizo la kwanza la programu. Anayetengeneza mzani wa kahawa kwa ajili ya vyama vya msingi vya ushirika vya Mbinga atapachika kata za Ruvuma peke yake, na atalazimika kutumia utaratibu wa PROGMEM ili majina yabaki katika hifadhi ya programu badala ya kunakiliwa katika zile kilobaiti 2.

4.0 Mbinga ya 2002 na Mbinga ya 2012

Wamatengo wa Mbinga wana kilimo cha ngolo. Nyasi hukatwa na kulazwa shambani kwa miraba, kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikwa juu yake, likabaki shimo la kupokea maji ya mvua. Nyasi huozea humo na kuwa mbolea ya tuta. Zikishafukiwa hazitolewi, msimu ukifika, hulimwa ngolo nyingine. Data iliyopachikwa ina tabia hiyo ya kutotolewa. Tofauti ni kwamba nyasi zilizozeeka ardhini huongeza rutuba, na data iliyozeeka ndani ya programu hufanya kinyume chake.

Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu 404,799 katika Wilaya ya Mbinga. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu 353,683. Mtu anayezisoma namba hizo mbili pekee ataona wilaya iliyopoteza watu 51,116, yaani asilimia 12.6, katika miaka kumi. Anaweza hata kuanza kutafuta sababu: bei ya kahawa, uhamaji wa vijana, maradhi. Hakuna lililotokea kati ya hayo kwa kiwango hicho. Kilichotokea ni kwamba mwambao wa ziwa ulitolewa ukawa Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay, ambayo sensa hiyohiyo ya 2012 iliihesabu kwa watu 146,160. Wilaya hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na watu 499,843. Eneo lililokuwa Mbinga liliongezeka kwa watu 95,044, sawa na asilimia 23.5.

Chukulia sasa programu ya kupanga mahitaji, iwe ya chanjo, madawati au mbolea, iliyokompailiwa mwaka 2008 ikiwa imepachikwa orodha ya wilaya za wakati huo. Takwimu za sensa haikuzipachika. Huzisoma kutoka nje, kwa kuwa mwandishi wake alijua kwamba sensa hurudiwa. Alidhani majina ya wilaya ndiyo hayabadiliki. Takwimu za 2012 zinapoingizwa, programu huisoma kila mistari na kulitafuta jina lake katika orodha iliyomo ndani yake. Mbinga inapatikana, nayo hupewa watu 353,683. Nyasa haipatikani. Hapo programu ina njia mbili, na zote zimewahi kuandikwa na waandishi wa programu duniani kote: kusimama na kutoa tangazo la kosa, au kuuruka mstari usioutambua na kuendelea. Ikiruka, watu 146,160 hutoweka katika mpango bila mlio wowote. Ripoti itachapishwa ikiwa nadhifu, jumla ya safu itakubaliana na yenyewe, na zahanati za mwambao zitapangiwa sifuri.

Ukubwa wa kosa hili hautokani na kupachika peke yake. Faili la nje lililosahaulika lingeleta matokeo yaleyale. Tofauti ipo katika urekebishaji. Faili la nje, ofisa wa takwimu wa wilaya anaweza kulifungua kwa kihariri cha kawaida, akaongeza mstari mmoja wa Nyasa na kuhamisha Liuli na Lituhi kutoka safu moja kwenda nyingine. Orodha iliyopachikwa humtaka apate msimbo chanzo, kompaila ya toleo linalofaa, na mtu anayejua kuvitumia. Pale programu iliponunuliwa kwa mkandarasi ambaye mkataba wake umekwisha, hivyo vyote vitatu huwa havipo.

Kuna jambo jingine ambalo mgawanyo huo unalionesha. Jina si kitambulisho. Baada ya Nyasa kuondoka, Mbinga nayo ilikuja kuwa na halmashauri mbili, ya wilaya na ya mji, zote zikibeba jina la Mbinga. Hata Mkumbi haikusalimika: herufi hizohizo, zikiandikwa kubwa, ni kifupi cha mpango wa serikali wa kuboresha mazingira ya biashara, na programu inayosawazisha herufi kubwa na ndogo kabla ya kutafuta itavichanganya viwili hivyo bila aibu. Kwa hiyo faili linalokusudiwa kupachikwa linapaswa kubeba, kwa kila kata, namba ya utambulisho, wilaya iliyomo, na tarehe ambazo uhusiano huo ulianza na kukoma. Mstari wa Mkumbi utabaki mmoja, ukiwa chini ya Mbinga. Liuli itakuwa na mistari miwili: mmoja wa Mbinga uliokoma mwaka 2012, na mmoja wa Nyasa ulioanza mwaka huo. Programu iliyopewa orodha ya namna hiyo, hata ikizeeka, angalau haiwezi kuzilinganisha Mbinga mbili tofauti kana kwamba ni moja.

5.0 Somo kutoka hifadhidata ya saa

Muundo wa mistari yenye tarehe haukubuniwa kwa ajili ya kata. Umekuwa ukitumika kwa miongo kadhaa katika hifadhidata ya saa za maeneo, ambayo tangu mwaka 2011 iko chini ya uangalizi wa IANA. Hifadhidata hiyo ni mafaili matini, na lile la bara hili linaitwa africa. Mafaili hayo hukompailiwa kwa programu iitwayo zic kuwa data ya baiti, nayo ndiyo iliyomo ndani ya simu na kompyuta karibu zote. Ni mfano mkubwa zaidi wa data matini inayokompailiwa ambao msomaji wa makala hii anautumia kila siku bila kuujua.

Ziwa Nyasa linaonesha umuhimu wake. Mbamba Bay hufuata saa ya Afrika Mashariki, iliyo mbele ya saa ya dunia kwa saa tatu. Nkhata Bay, ng’ambo ya Malawi, iko mbele kwa saa mbili, sawa na mwambao wa Msumbiji upande wa kusini. Programu ya ratiba za vyombo vya majini inayoonesha muda wa kuondoka upande mmoja na wa kufika upande wa pili haina budi kuijua tofauti hiyo, na ikitumika pasipo mtandao lazima iwe nayo ndani. (Saa ya Kiswahili, inayoanza kuhesabiwa machweo na macheo, haimo katika hifadhidata hiyo. Ni hesabu ya kuondoa au kuongeza sita inayofanywa na programu yenyewe, na wengi huisahau.)

Hata historia imo, ingawa kwa ukomo. Kitambulisho cha Dar es Salaam ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye data ya Nairobi, kwa kuwa miji hiyo imekuwa na saa moja tangu mwaka 1970, ambao ndio mpaka ambao wahariri wa hifadhidata wamejiwekea. Data ya zamani ya Dar es Salaam, inayoonesha tofauti ya saa 2 na dakika 45 kati ya mwaka 1948 na 1961, imehamishiwa faili la pembeni liitwalo backzone, ambalo kwa kawaida halikompailiwi. Mtafiti wa kumbukumbu za utangazaji za miaka ya 1950 anayeitegemea simu yake atapata jibu lililokosewa kwa robo saa. Aliyeteua faili la kupachika ndiye aliyeamua hivyo, si yeye.

Tukio la kufundishia zaidi ni la Sudan Kusini. Tarehe 1 Februari 2021, nchi hiyo iliirudisha saa yake nyuma kwa saa moja, ikaondoka katika saa ya Afrika Mashariki. Hifadhidata ilitoa toleo la 2021a mwishoni mwa Januari, siku chache kabla ya mabadiliko. Miezi michache nyuma, Agosti 2020, lugha ya Go ilikuwa imetoa toleo la 1.15 lenye kifurushi cha time/tzdata, kinachopachika hifadhidata nzima ndani ya programu kwa gharama ya kilobaiti mia kadhaa. Programu yoyote iliyokompailiwa kwa kifurushi hicho mwaka 2020 iliamini kwamba Juba na Arusha zina saa moja. Ingeendelea kuamini hivyo hadi leo kama haikukompailiwa upya.

Ila wabunifu wa Go walikuwa wameliona hilo. Programu inapotafuta saa ya eneo, haianzi na data iliyopachikwa. Huangalia kwanza kama mtumiaji ametaja mahali maalumu pa kutafuta, kisha data ya mfumo endeshi, kisha ile iliyosakinishwa pamoja na lugha yenyewe. Iliyopachikwa ni ya mwisho. Mashine iliyosasishwa hutoa jibu jipya. Iliyokosa kila kitu hutoa jibu la kale, ambalo kwa miji mingi bado ni sahihi.

6.0 Akiba ndani, sahihisho nje

Mpangilio huo wafaa kuigwa kwa orodha ya kata. Orodha hupachikwa ili programu iweze kufanya kazi siku ya kwanza katika ofisi ya kata ya Mkumbi, hata kama imefika kwa kadi ya kumbukumbu na simu haina mtandao. Hapohapo programu hulitafuta faili la kata.txt pembeni mwake. Likiwepo, likiwa na tarehe mpya kuliko ya ndani na likiwa na muundo sahihi, hulitumia badala ya lile lililopachikwa. Tarehe lazima iandikwe katika mstari wa kwanza wa faili, na programu iioneshe kwa mtumiaji mahali pa wazi: orodha hii ni ya mwezi fulani, mwaka fulani. Programu isiyoonesha umri wa data yake humnyima ofisa nafasi ya kushuku. Na kwa jina lisilotambulika, kama Nyasa katika mfano wa sehemu ya 4.0, programu isimame. Kuruka mstari ni kosa la uandishi ambalo hakuna mpangilio wa mafaili unaoweza kulifidia.

Kwa mwandishi wa programu lipo jambo dogo la karakana. Zana za kujengea kama make huamua kinachohitaji kukompailiwa upya kwa kulinganisha tarehe za mafaili. Kama kanuni zake hazitaji kwamba programu inategemea kata.txt, mwandishi atalihariri faili, ataamuru ujenzi, naye ataambiwa kwamba kila kitu ki tayari. Orodha ya zamani itasambazwa ikiwa na tarehe mpya ya toleo. Cargo ya Rust huufuatilia utegemezi huo yenyewe. Katika C ni wajibu wa mwandishi kuuandika, au kuiagiza kompaila iuandike.

7.0 Data isiyostahili kupachikwa

Orodha ya kata ni mali ya umma. Orodha ya wakulima sivyo. Kishawishi cha kupachika majina, namba za simu na madeni ya pembejeo ya wanachama ndani ya programu ya ushirika ni kikubwa, hasa pale mtandao unaposumbua, na wapo wanaodhani kwamba kilichomo ndani ya faili tekelezi kimefichika. Hakikufichika. Amri ya strings, iliyomo katika mifumo mingi ya jamii ya Unix, hutoa maneno yote yanayosomeka kutoka faili lolote, na mtu aliyepokea nakala ya programu amepokea orodha nzima. Nywila na funguo za siri nazo hutoka kwa njia hiyohiyo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humpa mhusika haki ya kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Mkulima aliyelipa deni lake akataka jina lake liondolewe katika orodha ya wadaiwa anaweza kuhudumiwa kwa dakika moja kama orodha iko katika hifadhidata au katika faili la nje. Ikiwa imepachikwa, chama kitahitaji kukompaili programu upya, kisha kuitafuta kila simu na kila kompyuta iliyowahi kunakiliwa ile ya zamani, zikiwemo zile za makarani walioacha kazi.